John Browning: fundi aliyepima mashini yake mpaka iache kukwama



Sisi watu wa mugodi tunajua vizuri neno kukwama. Mashini ya kutoboa majiwe inakwama, pompi ya maji inakwama, kamba ya kuvuta vigari inakwama. Na kila siku swali linabakia lile lile: kosa ni la mashini ao la mutu anayeishika? Leo nitaeleza maisha ya fundi moja aliyeishi na swali hilo tangu utoto wake mpaka siku alipokufa. Jina lake John Moses Browning. Wazee wetu wanajua hilo jina, hata kama hawajui mutu mwenyewe, kwa sababu mu Kifaransa cha zamani kusema browning njo ilikuwa kusema bastola tu.

Najua mutu ataniuliza: inchi yetu imelia sana juu ya silaha, namna gani mutu wa sendika anakuja kutuelezea fundi wa bunduki? Jibu ni hili. Silaha imeua watu wetu, na siisifu. Lakini ginsi huyu mutu alivyotumika, ginsi alivyotafuta sababu ya kila mukwamo, hiyo ni elimu. Na elimu hiyo ni ya kila mutu ambaye uzima wake unategemea chuma.

Mutoto wa atelie

Browning alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 mu muji wa Ogden, ku Utah, Marekani. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi wa bunduki na mutu wa kanisa la Wamormoni. Alioa wanawake watatu na kuzaa watoto 22. Mu nyumba kama hiyo hakuna mutoto wa kukaa bure: John alianza mapema kushika tupa na nyundo mu atelie ya baba. Masomo ya shule hakufanya mingi. Ogden ilikuwa muji mudogo, mbali sana na viwanda vikubwa. Mutu akiharibikiwa na bunduki, alileta pale, na kijana akaona kwa macho yake fasi gani chuma kinachoka, kipande gani kinakatika mbele ya vingine, resori gani inalegea.

Hiyo njo ilikuwa shule yake. Mainjinia wa viwanda walijua bunduki mupya, inayong'aa, ikitoka mu sanduku. Yeye alijua bunduki iliyokwisha kuvunjika. Mbele ya kuvumbua kitu chake, alipitisha miaka akitengeneza vitu vya wengine vilivyokataa.

Mu 1879 mambo matatu yalimupata. Alioa Rachel Child. Baba yake akafariki. Na mwezi wa Oktoba akapata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, ile tunaita breve, juu ya bunduki ya kupiga risasi moja moja. Yeye na ndugu zake wakaanza kuitengeneza wenyewe mu atelie yao ndogo. Mu 1883 mukubwa moja wa kampuni ya Winchester alivuka inchi ile kubwa mpaka Ogden, kuona ni nani anatengeneza bunduki nguvu namna ile. Akanunua haki yake kwa dola 8.000. Kuanzia pale, kwa karibu miaka 20, Browning aliuzia Winchester mafikiri yake, moja kisha ingine.

Nguvu iliyopotea bure

Kufika mwisho wa 1889, siku moja ya kupiga shabaha, Browning aliona kitu ambacho wapigaji wote walikuwa wanaona: bunduki ikipiga, upepo wa baruti unaotoka mbele ya mututu unalalisha majani. Wengine waliona majani tu. Yeye aliona nguvu inayopotea bure. Akajiuliza sababu gani nguvu ile isifungue bunduki yenyewe, itupe ganda na kuingiza risasi ingine, pasipo mukono wa mutu kufanya kitu. Akarudi ku atelie na kuanza kazi. Kwa njia hiyo alifikia kutengeneza mitrayezi inayotumia nguvu ya moshi, na kampuni ya Colt ikaitoa kwa jina la mwaka wa 1895.

Kisha hapo akageukia silaha ndogo, bastola. Hapa njo maneno yetu ya kukwama yanaanza kabisa, kwa sababu kadiri mashini ni ndogo, ndivyo kosa dogo linaiharibu.

Fasi ambapo bastola inakwamia

Wakati ule maaskari na polisi walibeba revolveri. Ndani ya revolveri, risasi zinakaa mu kipande cha duara kinachozunguka. Risasi moja ikikataa kuwaka, unavuta tena kidole, ile duara inazunguka, risasi ingine inafika. Ni mashini ya polepole, lakini inasamehe.

Bastola ya nusu-otomatiki haisamehe. Risasi zinapangwa mu shajere, ndani ya fasi ya kushikia, na resori inazisukuma juu. Ukipiga, nguvu ya baruti inarudisha nyuma kile chuma cha juu tunaita kulasi. Kulasi ikirudi, ndoano ndogo inavuta ganda tupu na kulitoa, linatupwa inje. Kisha resori kubwa inarudisha kulasi mbele, na mu safari hiyo inachukua risasi mupya ku shajere na kuiingiza mu mututu. Yote inapita upesi kuliko kufunga jicho.

Sasa tuhesabu mambo yanayoweza kuharibika. Midomo ya shajere ikipindika hata kidogo, risasi inakuja upande na kugonga chuma. Resori ya shajere ikichoka, risasi inachelewa kupanda na kulasi inapita juu yake pasipo kuichukua. Ndoano ikivunjika ao ikijaa uchafu, ganda tupu linabakia ndani na kufungia risasi mupya njia. Risasi ikiwa na baruti zaifu, kulasi hairudi mpaka mwisho, na ganda linabanwa pale mulangoni pa kutokea. Mukono wa mupigaji ukilegea, nguvu inapotelea mu mukono na kulasi inakosa safari yake. Muchanga ukiingia, ao mafuta yakikauka, kulasi inarudi mbele lakini haifungi kabisa. Hayo ni makosa sita, na yote yanaleta tokeo moja: mutu anavuta kidole na hakuna kitu kinachotoka.

Njo sababu maaskari wengi wa zamani hawakuamini hiyo mashini. Na walikuwa na haki. Angalieni vizuri: mu yale makosa sita, moja tu ni la mukono wa mutu. Ingine inatoka kwa yule aliyepiga muchoro, kwa kiwanda, kwa mwenye kuuza risasi, ao kwa mukubwa asiyenunua resori mupya na mafuta ku saa yake.

Njia ya Herstal

Mu 1897 Browning alipata breve za bastola zake za kwanza. Mwaka ule ule alifanya mapatano na kiwanda cha Ubelgiji, Fabrique Nationale, FN, cha Herstal, karibu na Liège, inchi ya makaa ya mawe na chuma. Kiwanda kile kilianzishwa mu 1889 juu ya kutengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150.000 za Mauser, na sasa kilikuwa kinatafuta kazi ingine. Bastola ya kwanza ya Browning ikatoka pale, ya kalibri milimetre 7,65. Fikiri lake kubwa lilikuwa ile kulasi inayofunika mututu kutoka juu. Mpaka leo karibu bastola zote za dunia zinafuata njia ile.

Mu 1902 akagombana na Winchester. Alikuwa amevumbua bunduki ya kuwinda inayojijaza yenyewe. Zamani aliuza kila fikiri kwa bei moja, basi. Mara hii aliomba alipwe kitu kidogo ku kila bunduki itakayouzwa. Winchester ikakataa. Akaenda kwa Remington. Siku alipokuwa anangojea kuonana na mukubwa wa kampuni ile, mukubwa akafa kwa roho. Browning akabeba bunduki yake, akapanda meli, akaipeleka Herstal. Sisi watu wa sendika tunaelewa vizuri: mutu anayejua bei ya kazi yake halazimishwi kuuza kwa mutu moja tu.

Kufika 1914 bastola za Browning zilizotengenezwa Herstal zilikuwa zimefika milioni moja, na mufalme Albert akamupa nishani ya Léopold. Mwaka ule ule, tarehe 28 Juni, ku Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimuua Franz Ferdinand, murithi wa kiti cha Austria-Hungaria, kwa bastola ya FN ya muchoro wa Browning. Kisha juma chache vita ya dunia ikawaka. Na sisi Congo tulipata sehemu yetu: bunduki nyingi za Force Publique, tangu Mauser mpaka FAL, zilitoka mu kile kiwanda cha Herstal. Mashini nzuri haichagui kazi yake. Mutu njo anachagua.

Risasi 6.000

Turudi nyuma kidogo, ku Marekani. Mu vita ya Filipino, jeshi la Marekani liliona kwamba revolveri yao ya risasi ndogo haisimamishi adui. Wakataka silaha ya risasi kubwa, ya milimetre 11,43, ile Wamarekani wanaita kalibri .45. Mu 1907 jeshi lilipima bastola za wafundi mbalimbali. Kisha masharti na majaribu, kukabakia mbili zinazoshindana: ya Browning, iliyotengenezwa na Colt, na ya kampuni ya Savage. Lakini hakuna iliyokubaliwa mara moja. Jeshi likapelekea maaskari wa kweli bastola zile wazitumie, na makosa yakaanza kuonekana. Hata majaribu ya 1910 hayakumaliza neno.

Browning hakusema maaskari hawajui kushika. Alirudi ku meza ya kazi. Hapa kuna neno la ufundi ambalo kila mekanisie atalipenda. Risasi kubwa kama ile ina nguvu mingi. Kama kulasi inafunguka mbele ya risasi kutoka mu mututu, ganda linaweza kupasuka karibu na uso wa mupigaji. Kwa hiyo mututu una migongo midogo juu yake, inayoingia mu mifereji ya kulasi na kufungana nayo. Vyote viwili vinarudi nyuma pamoja kidogo. Risasi ikikwisha kutoka, kipande kidogo kama kiungo cha munyororo kinavuta mututu chini, migongo inaachia, na kulasi inaendelea peke yake. Mu bastola za kwanza, viungo vile vilikuwa viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Browning akaondoa cha mbele. Akabakisha kimoja cha nyuma, na mbele akaweka pete ya kushika mututu. Vipande vikapungua, nguvu ikaongezeka. Kipande ambacho hakiko hakiwezi kuvunjika.

Mu Machi 1911 jaribu la mwisho likafika. Kila bastola ilipaswa kupiga risasi 6.000 mu siku mbili. Kisha kila risasi 100, ilipumuzishwa dakika tano ipoe. Kisha kila 1.000, ilisafishwa na kupakwa mafuta. Ikipata moto sana, iliingizwa mu maji. Kisha hapo wakaipigisha risasi zilizopindika kwa kusudi, wakaitia muchanga na matope, wakaitia asidi ipate kutu. Bastola ya Savage ilikwama mara 37. Ya Browning haikukwama hata mara moja. Tarehe 29 Machi 1911 jeshi likaikubali, na ikabakia bastola ya kawaida ya maaskari wa Marekani mpaka 1985.

Fikirini vizuri juu ya jaribu lile. Hawakuuliza kama bastola ni ya uzuri, hawakuuliza bei yake kwanza. Waliandika kila mukwamo. Waliipima safi na chafu, na risasi nzuri na risasi mbaya, mafuta yakiwako na kutu ikiwako. Kwa sababu askari hatakuwa mu chumba safi siku ile bastola itahitajiwa. Vilevile mutumikaji hatakuwa mu ofisi siku ile mashini itakataa.

Dakika 48 na kisha

Mu 1917, Marekani ilipoingia mu vita, Browning alileta mitrayezi yake mupya mbele ya jeshi. Mu Mei ilipiga risasi 20.000 pasipo kuharibika. Hakutosheka, akaipigisha 20.000 zingine. Na kwa kuwa wengine wangeweza kusema ile ilikuwa mashini moja ya bahati, akaleta ya pili, ikapiga pasipo kusimama dakika 48 na kitu. Kisha serikali ikamupa dola 750.000 kwa haki ya silaha zake tatu wakati wa vita. Kama angalidai kitu ku kila silaha, kama alivyodai mbele ya Winchester, angalipata zaidi sana. Alikubali pasipo kubishana, kwa ajili ya inchi yake iliyokuwa mu vita.

Alikuwa amezoea njia ya bahari. Mu maisha yake alipata breve 128, na safari yake ya Ubelgiji ya mwisho inahesabiwa kuwa ya 61. Tarehe 26 Novemba 1926, pale Herstal, akiwa kazini mu kiwanda, roho yake ikasimama. Alikufa mu ofisi ya mwana wake Val, akiwa na miaka 71. Ku meza aliacha muchoro wa bastola mupya ambao haukuwa umekwisha. Fundi wa Ubelgiji, Dieudonné Saive, akauendeleza, akaweka shajere ya risasi 13 zilizopangwa mistari miwili, na mu 1935 bastola ile ikatoka kwa jina la GP, maana yake Grande Puissance. Ilienea mu majeshi ya inchi nyingi sana.

Mikono isiyoandikwa ku chuma

Jina la Browning liliandikwa ku chuma cha bastola. Majina ya wale waliozitengeneza hayakuandikwa. Lakini muchoro peke yake haufanyi bastola isikwame. Lazima kila kipande kitoke sawasawa na kingine, kwa maelfu, na hiyo ni mikono ya watumikaji. Mu Februari 1966, miaka karibu 40 kisha kufa kwake, wanawake karibu 3.000 wa kiwanda kile kile cha Herstal waliacha kazi. Walidai mushahara sawa na wa wanaume kwa kazi sawa. Walisimama juma 12. Hawakupata yote waliyodai, lakini mugomo wao ukajulikana mu Ulaya yote. Mwenye kutafuta sababu ya mashini kutumika vizuri, asisahau mushahara wa anayeitengeneza.

Sasa tuje kwetu. Kuna kampuni fulani ambako, mashini ikikwama chini, ripoti inaandikwa mbele ya mekanisie kushuka: kosa la mutumikaji. Muishale unakatwa ku mushahara, na mashini inarudishwa kazini na resori ile ile iliyochoka. Siku ingine inakwama tena, na mara ile haikati mushahara, inakata mukono.

Maisha ya Browning yanatupa silaha ya kujibu, na si bunduki. Kila delege awe na kaye yake. Mashini ikikwama, andika siku, saa, kipande gani, na namna gani ilikuwa: kavu ao na maji, na mafuta ao pasipo mafuta, kipande kimetumika tangu lini. Mara moja inaweza kuwa mukono wa mutu. Lakini kipande kile kile kikikataa mara tatu, kwa watu watatu wa timu tatu, hapo hakuna mukono unaoshitakiwa, ni chuma. Hesabu ile njo mutaweka ku meza ya mukubwa. Ombeni tena kwamba mashini mupya ipimwe mu vumbi na mu maji mbele ya kuteremushwa, na watumikaji wawe pale wakiangalia, si kusoma karatasi ya muuzaji tu.

Ile bastola ya Savage ilikwama mara 37, na tunajua hesabu hiyo kwa sababu mutu alikuwa na kalamu, akaandika kila mara. Mu mugodi wako, mwezi huu, ni mara ngapi? Kama hakuna aliyeandika, hakuna atakayelipa. Anza kuandika kesho asubui.